Mtungi Mweupe wa Bwana Meno

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama katika duka la vipuri vya baiskeli, hapa mtaani kwetu Hewa Bora, nikingoja muuzaji anitafutie mpira wa ndani wa gurudumu. Alipouchomoa kwenye karatasi yake, harufu ya mpira mpya ilinipanda puani. Ilibidi nikae juu ya kreti ya bia.

"Mama, unagonjwa?" akaniuliza.

"Hapana, mwanangu. Iko harufu tu."

Sikumweleza zaidi. Angeanza kuhesabu miaka kwenye vidole, na asingefika. Lakini ninyi wa rika langu mnakumbuka wakati ule Katanga, mkoa wetu, ilipojitenga, ikawa na bendera yake na stempu zake, na sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa hapa hapa, tukaanza kuitwa wageni. Kasai kwenyewe sikuwa nimewahi kukanyaga. Baba alikuwa karani kwenye stesheni ya treni, Mama alikuwa mshonaji. Mimi, Kapinga, nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Ntumba alikuwa na sita, na alikuwa mtoto wa kelele, wa kuimba hata chooni.

Asubuhi moja vijana wenye silaha walipita mtaani kwetu nyumba kwa nyumba. Kwenye mlango wetu mmoja wao alimshika Ntumba mashavu kwa mkono mmoja, akayabana mpaka midomo ikachongoka mbele.

"Sema! Sema kintu, tusikie luga yenu!"

Kijana akabana zaidi. Baba alizungumza naye Kifaransa, taratibu, kwa sauti ile aliyoitumia kwa abiria waliochelewa treni, na mwishowe mkono ukaachia. Siku hiyo hiyo tulibeba godoro, sufuria na cherehani ya Mama, tukakimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji. Tangu hapo Ntumba hakukubali mtu aguse uso wake. Hata Mama hakuruhusiwa kumnawisha. Ukinyoosha mkono karibu na shavu lake, alilia kama aliyechomwa moto.

Kambi ilikuwa vumbi, moshi na watu. Watu wamejenga kwa magunia, kwa mabati, kwa milango waliyong'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Tulilindwa na askari wa kofia za buluu waliotoka nchi ambazo hata Baba hakuzijua vizuri. Siku moja watu waliposukumana kwenye foleni ya unga, askari wale walitupa makopo yaliyotoa moshi, na kila mtu akakimbia huku akilia machozi na makamasi. Bibi mmoja mzee alianguka pale na hakuinuka tena. "Iko gazi," Mama aliniambia, amenifunika uso kwa kitenge chake. "Gazi inaua." Neno hilo likaniingia kichwani na kukaa.

Kisha jino la Ntumba likaanza. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka zamani na hatukulijali. Kwanza shavu lilivimba kama amejaza muhogo mdomoni. Mama alimpa maji ya chumvi asukutue, akatafuta karafuu kambi nzima akapata mbili. Muuguzi wa kambi akamchoma penisilini siku baada ya siku. Uvimbe ulishuka kidogo, ukarudi, na uliporudi ulikuwa mgumu na wenye joto, ngozi inang'aa. Mdomo ukawa haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Alikunywa uji kwa kuunyonya, na nusu yake ikamwagika kifuani. Alinuka. Namwandikia mtu aliyewahi kulala kando ya mgonjwa wa aina hiyo. Ataelewa kwa nini niligeuza uso usiku, na kwa nini nilirudi kumgeukia.

Baba akaomba nafasi kwenye lori la askari lililokuwa likienda mjini, nasi tukapelekwa kwa daktari wa meno, Mbelgiji mmoja mwenye nywele nyeupe ambaye wenzake wote walikuwa wameshaondoka. Watu walimwita Bwana Meno. Aliishi na kufanya kazi katika nyumba ile ile, madirisha yake yamebandikwa karatasi ili vioo visiruke mabomu yakilia. Ndani kulikuwa na kiti kirefu cha ngozi, na kando yake mitungi miwili ya chuma, mmoja wa buluu na mmoja mweupe, na mirija, na mfuko mweusi wa mpira, na kifuniko kidogo cha mpira cha kuvika puani. Chumba kizima kilinuka mpira.

Alipomkaribia, Ntumba alipiga kelele iliyotoka puani tu, kwa kuwa mdomo haukufunguka. Bwana Meno akarudisha mikono yake nyuma mara moja.

"Usaha imejaa," akamwambia Baba kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Sindano ya ganzi haitashika hapa. Na mudomo haifunguki. Mutoto kama huyu, inafaa gaz."

Nilisikia neno moja tu. Niliruka nikamshika Baba kiuno. "Baba, anataka kumuua! Anataka kumupa gazi!"

"Nyamaza, Kapinga."

"Si gazi ile," Bwana Meno akaniambia. Alichuchumaa ili tuonane. "Hii inaleta raha kidogo. Mutoto anacheka, anasahau woga, mudomo inalegea. Nayo inatembea na mwenzake." Akaugonga mtungi mweupe kwa kucha. Ulilia kama debe tupu. Akainuka, akatazama saa ndogo iliyokuwa juu ya mtungi ule, na mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa. Akamgeukia Baba. "Oksijeni imekwisha. Mitungi yote nyeupe imeenda ku hospitali, juu ya batu ba kupigwa masasi ya bunduki. Siwezi leo."

"Tumia ule wa buluu," Baba akasema.

"Peke yake? Hapana."

"Kidogo tu, Docteur. Dakika moja."

"Buluu peke yake inamunyanganya mutoto pumzi. Anacheka, analala, midomo inageuka rangi, na haamuki. Niliona na macho yangu. Hapana, Monsieur. Rudi. Natafuta oksijeni. Labda juma hii, labda ingine."

Baba alikuwa mtu mpole. Lakini siku ile alisema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwake. "Kama angekuwa mutoto wa muzungu, ungepata. Kama angekuwa hata mutoto wa watu wa hapa, ungepata. Ni juu ya siye tuko batu ba Kasai."

Bwana Meno alimpa Baba dawa ndani ya bahasha na akatufungulia mlango. Na mimi, ndani ya lori, niliamini vile Baba alivyoamini. Nilifikiri mtungi mweupe ulikuwa wa watu weupe. Buluu ilikuwa yetu, rangi ya kofia za askari waliotulinda, na alikuwa ametunyima hata hiyo.

Siku zilizofuata uvimbe ulianza kuteremka kutoka shavuni kwenda chini ya taya. Mama aliona kabla ya yeyote. Alikaa mlangoni mwa kibanda chetu, amempakata Ntumba, na kila nilipopita alinituma kitu ambacho hatukuwa nacho: lete ndimu, lete asali, lete kitambaa safi. Mashariki ya mji bunduki zilikuwa zimeanza tena kulia, na lori la askari halikuwa likitoka kila siku.

Ndipo akaja Gaston. Alikuwa kijana wa Kasai kama sisi, aliyekuwa akifagia katika kliniki moja mjini, na kliniki hiyo ilipovunjwa na waporaji, naye alitoka na chake: mtungi wa buluu na kifuniko cha mpira. Ndani ya kambi alikwisha kung'oa meno ya watu wazima wawili kwa koleo, na wote wawili walijisifia kwamba hawakusikia kitu.

Mama alisema hapana. Alisema, "Bwana Meno alikataa, na yee njo mwenye kujua."

"Bwana Meno alikataa juu ya damu yetu," Baba akasema. "Utaangalia mutoto anaoza mu mikono yako mpaka lini? Sema. Mpaka lini?"

Mama alikwenda kutafuta maji, kwa sababu hakutaka kuona, na Baba akamwambia Gaston aingie.

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya bati na ndani ni tanuri. Baba alimlaza Ntumba kwenye mapaja yake, akamshika mikono. Gaston akamvika kile kifuniko usoni, pua na mdomo pamoja, akafungua mtungi. Ntumba alipigana. Miguu yake ilipiga ukuta wa magunia, vumbi likaanguka. Halafu miguu ikatulia. Na halafu, kutoka chini ya ule mpira, nikasikia kicheko.

Ndugu yangu alikuwa hajacheka tangu tulipoacha nyumba yetu. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kukatika katika, lakini kilikuwa chake, nami nilikuwa nimekililia. Nilipiga makofi. Nilitoka nje nikakimbilia bombani nikipiga kelele mbele ya watu wote: "Mama! Ntumba anacheka! Amepona! Anacheka!"

Mama aliangusha ndoo. Sikuelewa kwa nini alinipita mbio bila kunitazama. Nilipofika nyuma yake, alikuwa amekwisha kumpiga Gaston kifuani na kung'oa kile kifuniko. Midomo ya Ntumba ilikuwa na rangi ya zambarau. Macho yake yalikuwa wazi na hayakutazama popote. Mama alimbeba nje, akamlaza ubavu, akampulizia, akampepea kwa kitenge, akampiga mgongoni, akamwita jina lake na majina ya babu zake wote. Baba alikuwa amepiga magoti mlangoni, mikono yake bado imekaa vile vile ilivyokuwa ikimshika mtoto.

Ntumba alivuta pumzi moja, ndefu, yenye sauti ya mlango mbovu. Kisha nyingine. Kisha akatapika, akalia, na majirani nao wakalia.

Mama hakumtukana Baba. Nadhani ingekuwa nafuu kama angemtukana. Baba alitoka akaenda kukaa na wanaume wengine kule kwenye uzio, na jioni hakuja kula, na alipoingia kulala aligeukia ukutani. Jino lilikuwa bado lipo palepale.

Kulipopambazuka, Baba akiwa ametoka tena, Mama alimfunga Ntumba mgongoni, akanishika mkono. Hakumuaga mtu, isipokuwa jirani yetu Mama Ngalula. "Mi mwanamuke," alimwambia, "mi nitapita. Bwana yangu, batamukamata." Tukaenda mjini kwa miguu.

Kwenye kizuizi cha barabara kulikuwa na mapipa na askari wa Katanga. Mmoja alitusimamisha. Mama alizungumza Kiswahili cha mtaani kwetu, cha mtoto wa hapa, bila neno hata moja la Kasai, na nilikuwa nimekatazwa kufungua mdomo. Askari alizunguka nyuma yake na kumtazama Ntumba.

"Mutoto iko na nini?"

"Jino, Bwana."

Alinyoosha mkono. Ntumba akafumba macho na mwili wake wote ukakakamaa. Lakini mkono haukufika. Askari aliurudisha, akajishika shavu lake mwenyewe, upande ule ule.

"Mi pia nilikuwa nalo," akasema. "Nilitaka kufa. Pita, mama. Pita mbio."

Bwana Meno alitufungulia mlango akiwa hajanyoa. Alimtazama Ntumba shingo, hakumgusa, akamwomba Mama asimulie yaliyotokea. Mama alisimulia yote, mtungi, kicheko, midomo. Bwana Meno alikaa chini akisikiliza. Kisha akatuonyesha kando ya kiti. Kulikuwa na mtungi mweupe mwingine, mfupi, umekwaruzwa.

"Umetoka ku hospitali jana," akasema. "Mwenye kuutumia hana lazima nao tena." Mama alifanya ishara ya msalaba. Bwana Meno akaonyesha mshale, ambao safari hii ulikuwa umeinuka kidogo. "Inatosha mutoto mumoja. Inatosha kwa mbio."

Lakini hakufanya mbio. Alifungua madirisha yote, pamoja na yaliyobandikwa karatasi, na karatasi zikapasuka. Aliuliza kama Ntumba amekula, hakuwa amekula. Alishika kioo kidogo mbele ya pua yake ili aone kama pumzi inapita matundu yote mawili, na kwa kuwa alikuwa amelia, akamtaka Mama ampengeshe kamasi kwanza. Alipima tena kwa kioo. Mabomu mawili yalilia mbali, upande wa reli, na bado alikuwa akitazama kile kioo.

Kisha alimpa Ntumba kifuniko cha pua mkononi mwake.

"Mimi sitakugusa," akamwambia. "Mama hatakugusa. Weye mwenyewe utashika. Ukitaka kutoa, unatoa."

Ntumba alikitazama kifuniko kile kwa muda mrefu. Ninajua alikuwa akikumbuka kile cha Gaston. Bwana Meno akamsikilizisha hewa ya mtungi mweupe peke yake kwanza, akajivika yeye mwenyewe puani, akavuta, akamrudishia. Mwishowe ndugu yangu akakiweka puani kwa mkono wake wa kulia.

"Sasa weye, musichana," Bwana Meno akaniambia. "Kaa kushoto. Mushike mukono. Muulize maneno, na luga yake ya nyumba. Asinyamaze. Akinyamaza, niambie."

Niliogopa kwamba nikisema vibaya ndugu yangu atakufa, na akili yangu ikawa nyeupe. Kitu pekee kilichonijia ni mchezo wa Baba. Kila jioni, zamani, alituuliza vituo vya treni ya kwenda Kasai kwa mpangilio wake, kwa sauti ya stesheni. Nikajaribu kuifanya sauti yangu nzito.

"Treni inatoka Likasi. Inafika wapi?"

"Tenke," Ntumba akasema, taratibu. Bwana Meno aligeuza kitasa cha buluu kidogo sana, jicho moja kwenye midomo ya mtoto, jicho moja kwenye kucha zake.

"Halafu?"

"Bukama." Mabega yake yakashuka. Taya likalegea, na nikaona mdomo wake ukifunguka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Halafu?"

Alitabasamu. "Tatu," akasema. "Tatu."

"Anahesabu vizuri," Bwana Meno akasema, na hapo akaingiza koleo.

Hakuwa akihesabu. Katika Kiluba chetu cha Kasai, tatu ni baba. Mama alijua na mimi nilijua, na tukamwacha aendelee. "Kamina, tatu," Ntumba akaendelea, amenigeukia mimi, macho yake yamejaa ukungu, "na Mwene-Ditu. Usiachie mukono, tatu." Nikambana mkono. Kikatoka kitu kama mlio wa ukuni mbichi, na usaha ukafuata, mwingi, wa kijani, na harufu yake ikashinda harufu ya mpira. Mkono wake wa kulia ukaanguka wenyewe pamoja na kifuniko, naye Bwana Meno akasema hiyo ndiyo sababu ya kumpa akishike, kwa kuwa anayelala kupita kiasi huangusha, na hewa ya bure humwingia.

Kisha akafunga buluu kabisa na kumrudishia puani nyeupe peke yake. Mama, aliyekuwa akisikia mabomu, alisema tumwache mzee apumzike, twende. Bwana Meno alikataa. Alikaa pale akimvutisha hewa ile, mtungi wake wa mwisho, mpaka mshale ukalala, mpaka Ntumba akatazama huku na huku na kuuliza kwa hasira kwa nini ana damu mdomoni.

Lori la kofia za buluu liliturudisha kambini kwa barabara kubwa. Ntumba alilala njia nzima, mdomo wazi, anakoroma. Mama alikuwa akilia bila sauti na kucheka pia. Tulipofika, Mama Ngalula alikuwa amesimama mbele ya kibanda chetu.

"Hamukukutana naye?" akauliza.

"Nani?"

"Bwana yako. Nilimwambia umeenda. Akafata. Alipita njia ya porini, mbio, hata viatu hakuvaa."

Tulingoja. Usiku ule mapigano yalifika mjini kwenyewe, na barabara zikafungwa. Barabara zilipofunguliwa, Mama alikwenda mpaka kwenye yale mapipa, akamtafuta yule askari aliyejishika shavu, akakuta wengine. Alikwenda hospitali, akatazama vitanda, kisha akatazama mahali pale pengine. Kwa Bwana Meno alikuta nyumba haina mlango wala mtu. Kila asubuhi alikaa kwenye lango la kambi na shati la Baba mapajani, limefuliwa na kukunjwa, mpaka siku walipotupakia kwenye treni ya kwenda Kasai. Likasi, Tenke, Bukama, Kamina. Hakuna aliyetaja vituo. Hatukupata kaburi, wala mtu aliyemwona, wala neno.

Mimi nilirudi huku nilipoolewa. Ntumba alibaki Mbuji-Mayi, huko Kasai, na leo ni babu wa wajukuu wanaomchosha. Kovu dogo liko chini ya taya lake, pale uvimbe uliposhuka, na kila wakimuuliza huwasimulia. Siku za Gaston hazikumbuki hata kidogo. Anakumbuka chumba chenye madirisha wazi. Anakumbuka kwamba Baba alikuwa amekaa kushoto kwake, amemshika mkono, anamuuliza vituo vya treni, na kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho alipomwona. Mama aliisikia hadithi hiyo mpaka uzeeni, na kila mara alikubali kwamba ndivyo, "Njo vile. Njo vile ilikuwa." Sasa Mama hayupo. Mwezi jana Ntumba alinipigia simu kunisalimia, wajukuu wanapiga kelele nyuma yake, na akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza.

"Na weye, Kapinga, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa inje," nikamwambia. "Kwa mulango. Baba njo aliingia na weye."